Halojeni, LED ya buluu au LED ya mawimbi mapana: kuchagua taa ya kugandishia vijazo vya resini

Mnunuzi wa taa ya kugandishia vijazo vya meno huonyeshwa namba moja kabla ya nyingine zote, nayo ni ukali wa mwanga, unaohesabiwa kwa miliwati kwa kila sentimita ya mraba. Taa ya kwanza ina 600, ya pili 1200, ya tatu 3000, na aliyechoka kusoma maelezo huishia kuamini kwamba ya tatu ni bora mara tano kuliko ya kwanza. Namba hiyo si ya uongo, ila mara nyingi imepimwa pale pale kwenye ncha ya taa, ilhali kijazo kinachosubiri kugandishwa kimelala sakafuni mwa tundu la gego, milimita kadhaa mbali na ncha hiyo, kikiwa kimezungukwa na kuta za jino na ukanda wa chuma. Ulinganisho huu unazipima taa kwa swali jingine: ni mwanga gani hasa unaofika huko chini, na unaafikiana kiasi gani na kijazo kilichowekwa?

Kinachotokea ndani ya kijazo

Katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba mwanga "hukausha" kijazo. Neno limezoeleka, lakini linapotosha, kwa kuwa hakuna unyevu wowote unaotoka. Molekuli ndogo za resini huungana mkono kwa mkono hadi kuwa wavu mmoja mkubwa unaozishika chembe za kioo zilizochanganywa humo. Kitu kinachokauka huanza nje na, kikiachiwa muda, humalizika chenyewe hadi ndani. Kijazo cha resini ambacho sehemu yake ya chini haikupata mwanga hakitakuja kukamilika huko chini hata kikae mwaka mzima. Hapo ndipo hatari ilipo, maana uso wake huwa mgumu na unang'aa, kifaa cha kukwaruzia hupita juu bila kuacha alama, na mgonjwa huondoka ameridhika. Hata juu, ambako mwanga ni mwingi, uunganaji haufikii asilimia 100. Kwa kawaida viungo vilivyofunguka na kushikana ni kati ya asilimia 50 na 75. Chini kiwango kikishuka zaidi, kijazo hulika upesi, hushika rangi, mshikamano wake na dentini, tabaka la jino lililo chini ya enameli, hulegea, na molekuli ambazo hazikuungana hubaki huru kuvuja karibu na kiini cha jino.

Uunganaji huo huanzishwa na kemikali inayofyonza mwanga, na kila kemikali ina rangi yake inayoipenda. Inayotumika zaidi ni kamforikwinoni, ambayo hufyonza vizuri zaidi mwanga wa buluu wenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 468 na huhitaji msaada wa kemikali ya jamii ya amini. Yenyewe ina rangi ya manjano, jambo linalowasumbua watengenezaji wa vijazo vyeupe sana, vile vinavyotumika kwenye meno yaliyong'arishwa. Kwa sababu hiyo baadhi yao huipunguza na kuongeza kianzishi kingine, kwa mfano kile kinachojulikana kwa herufi TPO, ambacho hakihitaji amini na hakiachi umanjano, lakini hufyonza zaidi mwanga wa urujuani na karibu kisione kabisa mwanga wa buluu unaozidi nanomita 430. Vipo pia vianzishi vyenye jermaniamu, ambavyo hufyonza urujuani na sehemu ya buluu kwa pamoja. Daktari asiyejua kijazo chake kina kianzishi kipi anachagua taa gizani.

Halojeni

Taa ya halojeni ilitawala kliniki kwa takriban miaka 20 baada ya taa za mwanga usioonekana, zilizotumika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa mawimbi ya karibu nanomita 365, kuachwa kwa sababu ya madhara kwa macho na kwa sababu mwanga huo haukupenya kina cha kutosha. Ndani ya halojeni mna waya wa tangsteni unaopashwa moto hadi uwake weupe, ukiwa ndani ya kioo cha kwazi chenye gesi ya halojeni. Weupe huo una rangi zote, kwa hiyo kichujio huwekwa mbele ili kupitisha tu mawimbi ya kati ya nanomita 400 na 500. Kiasi kikubwa mno cha umeme unaotumika huishia kuwa joto na mwanga uliochujwa ukatupwa, na ndiyo maana taa hizi zina feni inayonguruma na waya unaozifunga kwenye ukuta.

Sifa yake kubwa inatokana na udhaifu huo huo. Kwa kuwa chanzo chake kina rangi zote, kinachopita kwenye kichujio ni ukanda mpana unaogusa kamforikwinoni na pia sehemu ya urujuani inayohitajiwa na vianzishi vingine. Halojeni yenye afya hugandisha karibu kila kijazo, bila mtu kusumbuka kuuliza kimetengenezwa na nini, nalo ni jambo ambalo LED za mwanzo hazikuliweza. Ukali wake wa kawaida, kati ya miliwati 400 na 800, si haba iwapo muda unatolewa.

Kinachoiangusha ni uzee usioonekana. Balbu huishi kwa makumi ya saa, mara chache ikizidi 100, na kabla ya kuungua huwa imefifia kwa muda mrefu. Kioo cha nyuma yake hupata ukungu na kichujio huchakaa kwa joto. Jicho haliwezi kutambua kwamba buluu ya leo ni nusu ya buluu ya mwaka jana. Zaidi ya hayo, taa isiyo na kidhibiti cha volti hushuka pamoja na umeme wa ukutani, hivyo kijazo cha asubuhi na cha jioni vinaweza kutofautiana kwa sababu ambazo hazihusiani kabisa na mkono wa daktari.

LED ya buluu peke yake

Diodi inayotoa mwanga wa buluu wenye nguvu ilikuwa kitendawili kwa miongo kadhaa, na waliokitegua, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa daktari wa meno faida yake ni ya moja kwa moja: diodi haitoi rangi zote ili zichujwe, bali hutoa buluu tangu mwanzo, kwa kawaida ikiwa na kilele kati ya nanomita 450 na 470, mahali palepale kamforikwinoni inapofyonza. Umeme unaopotea ni mdogo kiasi kwamba betri inatosha, feni mara nyingi haihitajiki, na diodi huishi maelfu ya saa. LED za kwanza zilizoingia sokoni karibu na mwaka 2000 zilikuwa hafifu, na sifa mbaya waliyoizoea baadhi ya wazee wa fani hii ilitoka huko. Zilizofuata, zenye diodi moja kubwa badala ya kundi la diodi ndogo, zilifikia na kuipita halojeni.

Kwa kliniki inayotumia vijazo vyenye kamforikwinoni pekee, nakiri kwamba sioni hoja ya maana ya kuikataa taa hii. Ni rahisi, mwanga wake ni wa aina moja kote kwenye ncha, na buluu hupenya kina zaidi kuliko urujuani, kwa sababu mawimbi mafupi hutawanywa zaidi na chembe za kijazo. Tatizo huja siku kijazo cheupe sana kinapofunguliwa. Ukanda wa mwanga wake ni mwembamba, hauteremki hadi kwenye urujuani, na taa ambayo jana iligandisha vizuri inaweza leo kuacha kijazo kikiwa nusu bichi bila kutoa dalili yoyote.

LED ya mawimbi mapana

Jibu la watengenezaji lilikuwa kuchanganya diodi za aina mbili au zaidi ndani ya kichwa kimoja: za buluu, na za urujuani zenye kilele cha karibu nanomita 400 hadi 410. Kwa maneno mengine, LED imerudia upana wa halojeni bila joto la balbu wala kuungua kwake. Inaposifiwa kwamba hugandisha kila kitu, sifa hiyo ina ukweli, nami ningeiweka mbele katika kliniki ambako vijazo hununuliwa kutoka kwa watengenezaji mbalimbali kulingana na kinachopatikana.

Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo vijitabu vya mauzo huyapitia mbio. La kwanza ni kwamba diodi za urujuani na za buluu zimekaa sehemu tofauti ndani ya kichwa, na kama mwanga wake haukuchanganywa vizuri kabla ya kutoka, upande mmoja wa jino hupata urujuani mwingi na mwingine buluu tupu. Wastani uliochapishwa hauwezi kufichua hilo. Kuzungusha ncha kidogo wakati wa kumulika, au kumulika mara ya pili kutoka pembe nyingine, hupunguza kasoro hiyo lakini haiifuti. La pili ni kina. Urujuani hupotea haraka unapoingia ndani ya kijazo, kwa hiyo faida yake iko zaidi katika milimita za juu. Sakafuni mwa tundu refu kazi hurudi kwa buluu na kamforikwinoni. Anayedhani kwamba rangi zaidi humaanisha kina zaidi ameelewa kinyume.

Plasma na leza

Taa za tao la plasma, zinazochoma gesi ya zenoni kati ya elektrodi mbili, na leza ya argoni yenye mwanga wa nanomita 488, zilivutia wengi kwa sababu ya ahadi ya kugandisha kwa sekunde chache. Ni ghali, ni kubwa, plasma hutoa joto jingi, na mwanga wa leza ni mwembamba sana kwa vianzishi vya urujuani. Kwa mtu anayenunua leo, hazina nafasi katika ulinganisho huu isipokuwa kama historia.

Sekunde 3 dhidi ya sekunde 20

Ukali ukizidishwa kwa muda hutoa dozi ya nishati, na hesabu hii ndiyo inayotumiwa kuuza taa kali. Miliwati 400 kwa sekunde 40 ni juli 16 kwa kila sentimita ya mraba, na miliwati 800 kwa sekunde 20 ni juli 16 zile zile, kiasi kinachotajwa mara nyingi kwa tabaka la milimita 2 la kijazo cha rangi ya kawaida. Sasa chukua taa ya miliwati 3000 kwa sekunde 3: ni juli 9 tu. Taa iliyoonekana kuwa ya nguvu kuliko zote imetoa kidogo kuliko halojeni ya zamani iliyoachwa iwake kwa sekunde 40.

Hata dozi zikilinganishwa zikawa sawa, matokeo si lazima yafanane. Mwanga mkali mno huzalisha kwa wakati mmoja chembe nyingi mno zinazoanzisha uunganaji, nazo hukutana na kuzimana kabla ya kujenga minyororo mirefu, huku kijazo kikikakamaa kabla ya mkazo wa kunywea kwake kupata nafasi ya kutulia. Vijazo hunywea kwa asilimia 2 hadi 3 hivi ya ujazo wake, na mkazo huo ukivuta kuta za tundu ghafla, nyufa na mianya huweza kutokea pembeni. Taa nyingi zina hali ya kuanza taratibu kisha kupanda. Ni kitu kizuri kuwa nacho, ingawa nisingelipa zaidi kwa ajili yake pekee. Vipo vijazo vilivyotengenezwa mahususi kwa sekunde 3, na kwa hivyo tu, pamoja na taa iliyotajwa na mtengenezaji wake, muda huo mfupi ni halali.

Joto nalo lina sauti katika mjadala huu. Utafiti wa Zach na Cohen wa mwaka 1965, uliofanywa kwa tumbili, ulionyesha kwamba ongezeko la nyuzi joto 5.5 za Selsiasi ndani ya kiini lilikifanya kisipone katika takriban asilimia 15 ya meno yaliyopimwa. Kipimo hicho kimejadiliwa sana tangu hapo, lakini kimebaki kuwa tahadhari inayorejewa na kila mtu. Wanaodhani LED ni "mwanga baridi" wanachanganya joto la kifaa na joto la jino: halojeni hujipasha yenyewe, ilhali LED kali humpasha mgonjwa. Katika tundu lenye sakafu nyembamba, kumulika kwa vipindi huku msaidizi akipuliza hewa ni busara zaidi kuliko kukaza taa hadi mwisho.

Ncha, pembe na umbali

Hapa ndipo nafikiri pesa ya mnunuzi inapaswa kwenda, na ndipo isipokwenda. Taa inayotoa miliwati 500 kwa jumla, ikiwa na ncha yenye kipenyo cha milimita 7, hupata ukali wa karibu miliwati 1300 kwa sentimita ya mraba. Mwanga uleule ukitoka kwenye ncha ya milimita 10, ukali hushuka hadi takriban 640. Kwa hiyo mtengenezaji anaweza kuongeza namba ya kwenye sanduku maradufu kwa kupunguza ncha tu. Gego la kwanza la chini lina urefu wa karibu milimita 11 kutoka mbele hadi nyuma, na ncha ya milimita 7 ikiwekwa katikati yake, kingo za mbele na nyuma, ambako vijazo hushindwa mara nyingi, hupata mabaki ya mwanga. Mwenye ncha ndogo hana budi kumulika mara mbili au tatu, kila mara kwa muda kamili, na hapo sekunde alizodhani ameziokoa zinarudi zote.

Umbali nao huzitofautisha taa kuliko kitu kingine chochote. Ncha ikiwa milimita 8 kutoka kwenye kijazo, kama inavyotokea katika sanduku la pembeni la gego, yaani sehemu ya tundu inayoshuka ubavuni mwa jino, baadhi ya taa hubakiwa na sehemu kubwa ya ukali wake kwa kuwa miale yake hutoka ikiwa imenyooka, na nyingine hubakiwa na chini ya nusu kwa kuwa miale hutawanyika. Muuzaji aulizwe ukali katika milimita 8, si katika 0. Akikosa jibu, nalo ni jibu. Umbo la kichwa lichunguzwe pia. Mirija iliyopinda nyuzi 60, iliyozoeleka katika halojeni na LED nyingi za umbo la kalamu, hulazimika kuinamishwa katika magego ya nyuma au kinywani mwa mtoto, na mwanga ulioinama hutupa kivuli cha ukuta wa jino juu ya kijazo. Kichwa kifupi ambacho mwanga wake hutoka wima, kama cha mswaki, hukaa sambamba na meno bila kumlazimisha mgonjwa kupanua kinywa kupita kiasi.

Tabaka za milimita 2 au mkupuo wa milimita 4

Uamuzi wa taa hauwezi kutenganishwa na namna ya kujaza. Kwa tabaka za milimita 2, halojeni iliyopimwa na LED yoyote nzuri zinatosha. Vijazo vya kuwekwa kwa mkupuo wa milimita 4 vimefanywa viwe angavu zaidi au vina vianzishi vyenye ufanisi zaidi, lakini havisamehi taa hafifu wala mkono unaotetemeka, kwa kuwa hakuna tabaka la pili la kurekebisha makosa ya la kwanza. Rangi za giza na zisizo angavu huhitaji muda zaidi au tabaka nyembamba zaidi bila kujali taa.

Ipi basi

Mwenye halojeni inayofanya kazi asione aibu kuibakiza, mradi aipime kwa radiomita, kifaa cha kupimia ukali wa mwanga, kila wiki na kubadilisha balbu kabla haijaungua. Radiomita ndogo za mkononi si za kutegemewa kwa namba kamili, lakini zinaonyesha vizuri kushuka kwa taa ileile kadiri siku zinavyopita, nacho ndicho kinachohitajika. Anayenunua mpya na anajua vijazo vyake ni vya kamforikwinoni achukue LED ya buluu yenye ncha ya milimita 9 au zaidi, na fedha anayookoa ainunulie betri ya akiba na miwani ya chungwa kwa kila aliye chumbani, maana buluu ya karibu nanomita 440 ndiyo inayodhuru retina zaidi, na anayegeuza macho pembeni ili ajilinde hugeuza na mkono wake. Kwa wengine wote ningechagua LED ya mawimbi mapana yenye ukali wa miliwati 1000 hadi 1500 na ncha pana, kuliko ile ya 3000 yenye ncha nyembamba.

Kabla ya kulipa, ipo njia ya kuzishindanisha taa mbili mezani kwa kijazo chenyewe kitakachotumika, nayo ndiyo msingi wa kipimo cha ISO 4049, kiwango cha kimataifa cha vijazo vya aina hii. Jaza kijazo ndani ya mrija wa chuma wenye kipenyo cha milimita 4, wenye urefu unaozidi kwa milimita 2 mara mbili ya kina kinachodaiwa, mulika upande mmoja kwa muda uleule utakaoutumia kinywani, kitoe, kisha kwangua kwa kifaa cha plastiki sehemu yote ambayo bado ni laini. Pima urefu uliobaki na uugawe kwa mbili. Kijazo ambacho rangi yake si ya kuzuia mwanga kinatakiwa kufikisha angalau milimita 1.5, na kile cha milimita 4 kinatakiwa kuthibitisha dai lake chini ya taa iliyo mkononi mwako. Rudia ncha ikiwa imeinuliwa milimita 8 juu ya mrija: kipimo cha kiwango hakiombi hilo, lakini tundu la gego huliomba kila siku.